Mwendo wa Inyamanza

Habiyaremye alikuwa akimenya viazi jikoni binti yake alipoweka simu mezani, ikiwa inarekodi, akamwambia, "Papa, nipe ndege mmoja wa kwenu. Mwenye hadithi."

Kabla hajajibu, ndege ya abiria ilipita chini juu ya jengo lao, kama zipitavyo siku zote pale Richfield, na vikombe vikatetemeka kabatini. Habiyaremye akaelekeza kisu darini.

"Huyo hapo."

"Papa! Ndege wa manyoya."

Alicheka, akaweka kisu chini. Merveille hakuwa na kawaida ya kumuuliza mambo ya kwao. Alizaliwa kambini Nakivale, Uganda, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Kongo, akaletwa Minnesota angali mtoto wa shule ya msingi, na tangu hapo alikuwa wa kusikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amemaliza chuo akisomea dansi, huku wazazi wake wakiomba kila Jumapili abadili mawazo akasome unesi.

"Ni wa nini huyo ndege?"

"Wa kazi. Natasha anataka kila mtu alete ndege wa nyumbani kwao."

Natasha alikuwa mwalimu wake wa zamani, mama mmoja mwenye mvi fupi na mabega ya mwogeleaji, aliyekuwa akitengeneza onyesho katika ghala la zamani la unga huko Saint Paul. Wachezaji walikuwa wawili tu, yeye na Merveille. Natasha alikuwa ameshaleta ndege wake, kekeo, aliyesimuliwa na bibi yake Mnorwe: kekeo wa kwanza wa majira ya joto akilia upande wa kaskazini, mwaka huo ni wa msiba, akilia magharibi, ni mwaka wa heri. Merveille hakuwa na ndege.

Habiyaremye akafuta mikono. "Kwetu Rutshuru kuna inyamanza. Ni kadogo, mweusi na mweupe, kama bwana harusi. Hakai porini, yule. Anakaa na watu. Anatembea uani, anatikisa mkia, hivi." Vidole vyake viwili vikatembea juu ya meza kati ya maganda ya viazi. "Mama yangu alikuwa anasema, ukijenga nyumba mpya, usiseme bado una nyumba. Ngoja. Siku inyamanza anaingia uani, anatembea, anakagua kama mwenye kiwanja, anatikisa mkia, bon, hapo nyumba ina watu. Hapo unaweza kupika kitu kizuri na kuita majirani."

"Na asipokuja?"

"Anakuja. Hata akichelewa, anakuja."

"Na mtu akimtupia jiwe?"

"Nani amtupie jiwe?" Habiyaremye alishangaa kweli. "Yule ni mtu wa nyumbani."

Kuanzia siku ile kulikuwa na mazungumzo mapya nyumbani. Habiyaremye alikuwa akirudi kutoka ghalani Shakopee, alikokuwa akipanga maboksi na kuyabandika karatasi za anwani, akamkuta Merveille amekaa sakafuni akimngoja. Inyamanza anaruka au anatembea? Anatembea. Anaogopa kuku? Haogopi hata ng'ombe. Analia vipi? Habiyaremye akajaribu kupiga mluzi, akashindwa, wakacheka wote wawili. Na msichana yule aliyezoea Kiingereza akaanza kujibu kwa Kiswahili, cha kukwamakwama, akisahau neno na kulitafuta hewani kwa mkono.

Goretti, mama yake, aliyatazama haya kwa jicho la pembeni. Alikuwa msaidizi wa wagonjwa katika nyumba ya wazee, na alirudi kazini akiwa hana nguvu ya kuongea sana.

"Hii ngoma yenu itakuwa na ngoma?" aliuliza siku moja.

"Hapana, mama. Kuna Brandon. Anapiga tairi la baiskeli kwa upinde wa selo, ile fidla kubwa. Na anarekodi barafu ikivunjika ziwani. Ni onyesho la majaribio."

"Majaribio ya nini? Kama hawajajua bado, si wangoje mpaka wajue?"

Lakini alipokwenda kulala alikuwa anatabasamu.

Mwezi wa nne, theluji ilipokuwa imebaki kama marundo meusi pembezoni mwa maegesho, Natasha aliita jamaa na marafiki waje kutazama mazoezi Jumamosi moja mchana. Goretti alikuwa na zamu. Habiyaremye alitoka Shakopee moja kwa moja, akiwa bado na viatu vyake vya kazi vyenye chuma mbele, akaketi kwenye kiti cha mwisho, safu ya nyuma. Watu walikuwa wachache. Sakafu ilikuwa ya mbao za zamani, pana, na madirisha marefu yaliingiza mwanga mweupe.

Brandon, kijana mrefu mwenye ndevu, alivuta upinde juu ya waya za gurudumu la baiskeli. Sauti iliyotoka ilimshangaza Habiyaremye. Ilikuwa kama upepo kwenye paa la bati. Natasha akatokea pembe moja ya chumba, akalia kama kekeo kwa sauti ndogo, akazimika, akalia tena kutoka pembe nyingine, na watu wakawa wanageuza shingo huku na huku wakitaka kujua mwaka huu umewaangukia upande gani. Habiyaremye naye aligeuka. Alijikuta amefurahi kwamba kekeo amelia dirishani, upande wa magharibi.

Kisha akaingia Merveille.

Alivaa shati jeupe na suruali nyeusi. Kichwa kilikwenda mbele kidogo, kikarudi, kikaenda. Kiuno kikatikisika. Habiyaremye alitaka kumgusa jirani yake amwambie, yule ni wangu, na ndege yule ni wangu. Alimwona kabisa inyamanza, alimwona na ua wa mama yake, na udongo mwekundu uliofagiliwa.

Halafu mwendo ukabadilika. Nyonga ya kulia ikanyanyuka. Mguu wa kulia ukakokotwa nyuma yake, ukafika kwa kishindo, na mkono ukashuka kugusa paja. Kituo kidogo. Nyonga ikanyanyuka tena.

Mtu mmoja safu ya mbele akacheka. Halikuwa cheko baya. Ndivyo mtu anavyocheka akiona bata. Wengine wakamfuata.

Habiyaremye alihisi uso ukimwaka. Mguu wake wa kulia ulivunjika usiku wa kukimbia vita, akishuka korongo la mawe, na ulikaa umefungwa kwa kitenge muda mrefu kabla hajamwona daktari, hata mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Tangu hapo alijifunza kuingia mahali watu wakiwa wamekwisha kukaa, au kabla hawajafika. Alijifunza kuchagua kiti cha karibu na mlango. Na sasa binti yake alikuwa ameuchukua mguu ule na kuuweka katikati ya sakafu, mchana kweupe.

Alisimama aondoke. Hakuwa amefikiria kuhusu mbao. Kila hatua yake ilisikika chumba kizima: buruzo, kishindo, kituo, buruzo, kishindo. Cheko likafa. Watu waligeuka, wakamwona mzee mwenye koti la ghalani akielekea mlangoni kwa mwendo uleule, na Merveille akabaki ameganda, mkono ungali pajani.

Habiyaremye alimngoja binti yake garini. Hakuweza kumwacha, ndiye aliyepaswa kumrudisha nyumbani. Alipokuja alikuwa amevaa koti juu juu, macho mekundu. Walivuka mto. Baadaye, wakiwa barabara kuu, Habiyaremye akasema:

"Ungeniuliza."

"Nilitaka iwe surprise, papa."

"Watu walicheka."

"Si wewe waliyekucheka! Hawajui ni wewe."

"Sasa wanajua."

Merveille alifunika uso. Alipoongea tena, alianza kwa Kiingereza, akaacha, akaanza upya.

"Nilitafuta inyamanza kwenye simu. Niliona video nyingi. Ni kandege tu, papa. Kazuri, mais... lakini sikusikia kitu. Wewe ulisema anakuja uani, na watu wanajua sasa nyumba ina watu. Nikajiuliza, mimi nimewahi kusikia hicho kitu? Nani anakuja nasikia hivyo?" Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Kule kambini, jioni, mimi na mama ndani ya hema la shitingi. Watu wanapita nje, mimi naogopa kila mtu. Halafu nasikia mguu wako. Kutoka mbali kabisa, kule kwenye bomba la maji. Na mama anaweka sufuria motoni. Hata hapa, papa. Hata sasa kwenye korido. Mimi ndege yule sijamwona. Nimekusikia wewe."

Habiyaremye alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa akitazama taa za breki za gari la mbele, na taa zile zilikuwa zimeanza kupanuka na kuyeyuka machoni pake.

"Nitaitoa," Merveille alisema. "Nisamehe. Nitaitoa yote."

Habiyaremye akawasha taa ya kugeuka, akatoka barabara kuu.

Goretti aliporudi alimkuta mumewe amekaa kitandani na viatu vyake. Hakuwa mtu wa kukaa na viatu chumbani. Akavua koti, akabandika chai jikoni, akarudi kuketi kando yake, akasikiliza habari yote mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo Habiyaremye hakulitarajia: akacheka kidogo, akashika goti lile la kulia.

"Mtoto ana masikio," alisema.

"Wewe unacheka na wewe?"

"Papa Merveille, sikiliza. Unakumbuka mimi nilitangulia kufika Nakivale na watu wa kwetu. Waliniambia umekufa. Mchungaji alikuja kunifariji, wamama walikuja. Nililia mpaka nikawa sina tena la kulia. Halafu asubuhi moja niko nje nafua, nasikia mtu anakuja anaburuta mguu. Sikujua ni wewe. Wewe ulikuwa unatembea vizuri, ulikuwa unacheza harusini mpaka watu wanakaa chini. Nikasema, huyu maskini nani, nimpe maji. Nikainua kichwa." Alilibonyeza goti lile. "Wewe ule mguu unaujua kwa maumivu. Sisi tunaujua kwa sauti. Mtoto amecheza alichokisikia."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba naipenda sauti ya kitu kinachokuumiza?"

Walikaa hivyo, mkono wake gotini, mpaka chai ikachemka na kumwagika jikoni.

Juma lililofuata Habiyaremye alikwenda mwenyewe Saint Paul, bila kuitwa. Natasha alipomwona mlangoni alikuja mbio kumpokea, akaanza kuomba radhi kwa maneno mengi. Habiyaremye alimpa mkono. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, lakini kilitosha. "Nataka kuona," alisema. "Endeleeni."

Wakaendelea. Merveille aliingia na shati jeupe na suruali nyeusi, kichwa mbele, kichwa nyuma, mkia. Alikuwa ametoa kila kitu. Inyamanza alitembea kutoka upande mmoja wa chumba mpaka mwingine, akiwa mzuri na mwepesi, na Habiyaremye hakumjua. Angeweza kuwa ndege wa mtu yeyote.

"Umeutoa," alisema, alipomaliza.

"Ndiyo, papa."

"Urudishe." Akavua koti, akaliweka kitini. "Mais ulikuwa unakosea. Unaburuta mguu kama gunia. Mimi siburuti gunia. Njoo."

Akatembea mbele ya binti yake, taratibu, katikati ya sakafu ile. Aliona aibu hatua za kwanza. Shingo ilikuwa moto. "Nyonga inaanza. Inatangulia, inaita. Halafu mguu unaitikia, kwa kuchelewa. Uone? Na hapa unaposimama na kushika paja, unafanya sura ya kuumia. Acha. Mimi sisimami kwa sababu naumia. Nasimama nisikie kama mguu umekubali. Ukikubali, naenda."

"Na usipokubali?"

"Naubembeleza."

Merveille alijipanga nyuma yake, mkono mmoja umegusa mgongo wake apate kufuata. Wakatembea hivyo, baba na binti, nyonga ikiita, mguu ukiitikia, wakazunguka chumba kizima. Walipofika dirishani Habiyaremye alisikia sauti chini yake, akatazama. Brandon alikuwa amelala kifudifudi akiweka vinasa sauti vidogo juu ya mbao.

"Samahani, mzee," kijana alisema, akitafuta maneno. "Naweza kurekodi miguu yako? Kama hutaki, ni sawa."

Habiyaremye alimtazama Merveille, ambaye alitazama chini, asimshurutishe. "Na vile viatu vya chuma au bila?" aliuliza.

"Navyo," Brandon alisema. "Tafadhali, navyo."

Kabla hajaondoka, Natasha alimuuliza swali lililokuwa likimsumbua. Watu wakicheka tena, afanyeje? Aweke muziki mzito pale, wasipate nafasi ya kucheka?

Habiyaremye alifikiri. Alimkumbuka inyamanza mwenyewe, alivyokuwa akijivuna kati ya kwato za ng'ombe, na watoto wote wa nyumba ile, yeye akiwa mmoja wao, wakimfuata nyuma kwa kicheko huku wakitikisa makalio.

"Waache," alisema. "Anachekesha kweli. Mama yangu alikuwa anamcheka kila asubuhi, na akimcheka anammwagia mtama."

Onyesho lilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tano, jua likiwa bado juu. Goretti alivaa kitenge chake cha harusi za watu, cha kijani na dhahabu, na kilemba kirefu kiasi kwamba mama wa nyuma yake aliomba kwa adabu wabadilishane viti. Viti vilikuwa vimepangwa juu ya ngazi za mbao, na chumba kilijaa. Safari hii Habiyaremye aliketi katikati ya safu, mbali na mlango, kwa sababu Goretti alimshika mkono akampeleka huko.

Kekeo wa Natasha alilia na kuzimika. Taa zikapungua. Kisha, kabla mtu yeyote hajaingia, sauti ikatoka kwa mbali kwenye vipaza sauti: buruzo, kishindo, kituo. Brandon hakuwa ameongeza kitu, ila gurudumu lake lililonung'unika chini kabisa. Sauti ikakaribia. Goretti alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi ya ajabu, lakini si hilo. Habiyaremye alisikia vidole vyake vikikaza juu ya mkono wake, akamwona akigeuza kichwa kuelekea mlangoni, kama mtu anayemngoja mtu, ingawa mwenye mguu alikuwa amekaa ubavuni pake.

Merveille akaingia na mwendo ule. Nyonga iliita, mguu ukaitikia. Alizunguka uwanja, akakagua, akasimama, akasikiliza, akatikisa mkia. Watu wakacheka, na safari hii Habiyaremye alicheka kabla yao, kwa sauti, kwa sababu aliona jinsi binti yake alivyoinua kidevu kwa maringo, na maringo yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya bibi yake ambaye hakuwahi kumwona. Merveille alikisikia kicheko cha baba yake. Ilionekana. Mabega yalishuka, na tangu hapo alicheza kama mtu aliyefungua kiatu kilichombana.

Mwishoni Natasha hakuinama kupokea makofi. Alifungua mikono, akawaomba watu washuke sakafuni, kila mmoja atembee kwa mwendo wake mwenyewe, hivyo tu, wakati Brandon anapiga. Watu wa Minnesota waliona haya, wakatazamana, kisha wakaanza kushuka mmoja mmoja.

"Twende," Goretti alisema.

"Mimi nimetembea vya kutosha. Wewe nenda."

Alikwenda. Habiyaremye alibaki kitini akimtazama, kitenge cha kijani kati ya majaketi ya kijivu. Mwanzoni alitabasamu. Kisha akaacha. Goretti alikuwa akitembea ameinamia kushoto, bega moja chini, mkono wa kulia umeachana kidogo na mwili, kama mtu aliyebeba mwenzake asiyeonekana. Kila alipogeuka, aligeuka na mwili mzima. Miaka yote ile ya kuwainua wazee kutoka vitandani ilikuwa pale, imekaa mgongoni. Aliishi naye nyumba moja, alikula naye, alisali naye, na hakuwa ameiona.

Aliinuka. Alishuka ngazi moja moja mpaka sakafuni, akapita katikati ya watu, akamfikia mkewe na kuchukua mkoba mzito uliokuwa ukining'inia bega lake la kushoto.

"Umebadili mawazo?" Goretti aliuliza, akicheka.

"Tembea," alisema. "Nataka nikuone vizuri."

"Unione nini? Wewe leo una nini?"

Merveille akaja, amelowa jasho, akajipenyeza kati yao na kuwakumbatia wote wawili kwa mpigo, akawachafulia nguo kwa rangi ya uso, na Goretti akapiga kelele kuhusu kitenge.

Siku hiyo Merveille ndiye aliyeendesha gari. Habiyaremye alikaa nyuma na mkewe, jambo wasilolifanya kamwe. Jua la jioni liliingia kutoka upande, likawamulika wote. Alipitisha mkono nyuma ya Goretti, akautafuta mgongo kwa kiganja, chini kidogo ya bega, akakandamiza. Goretti alishtuka. Halafu akatoa pumzi ndefu, akajisogeza mbele ili kiganja kipate nafasi.

"Shuka kidogo," alisema. "Hapo. Hapo hapo."